Mzimu Usio na Ukoo: Uhakiki wa Masimulizi ya Usiku katika Nyumba ya Myrtles

Miongoni mwa masimulizi ambayo wahakiki wa fasihi simulizi hawajayashughulikia vya kutosha, yamo yale ya ziara za usiku katika majengo ya kale yanayosemekana kuwa na mizimu. Huko Marekani na Ulaya ziara hizo zina hadhira kubwa. Wageni hulipa kiingilio, hukusanyika giza linapoingia, kisha mwongoza wageni huwapitisha chumba kwa chumba akiwasimulia habari za waliofia humo na ambao, kwa madai yake, hawajaondoka. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliweka mkazo kwenye tukio zima la utendaji, yaani fanani, hadhira, mahali na wakati, wala si kwenye maneno peke yake. Kwa kigezo hicho ziara ya usiku ni utendaji uliokamilika. Fanani yupo, naye ana taa mkononi. Hadhira ipo, nayo imekuja ikitaka kutishwa. Mahali penyewe ni sehemu ya masimulizi, kwa kuwa kisa kinasimuliwa juu ya sakafu ileile ambapo inasemekana kilitokea. Wakati ni usiku, na hilo si pambo tu: kisa hichohicho kikisimuliwa saa sita mchana, wageni wanatazama mapazia na kuuliza bei ya samani.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni nyumba ya Myrtles, iliyoko St. Francisville katika jimbo la Louisiana. Ilijengwa na David Bradford, mwanasheria aliyeikimbia Pennsylvania baada ya uasi wa kodi ya wiski wa mwaka 1794 na kupata hifadhi katika ardhi iliyokuwa wakati huo chini ya Hispania. Mwaka wa ujenzi unaotajwa kwa kawaida ni 1796. Binti yake, Sara Matilda, aliolewa mwaka 1817 na Clark Woodruff, ambaye baadaye alikuwa hakimu. Mwaka 1834 nyumba ilinunuliwa na Ruffin Gray Stirling, naye akaipanua. Shamba lililoizunguka lililimwa na watumwa. Siku hizi ni nyumba ya kulala wageni, na inatangazwa kama mojawapo ya nyumba zenye mizimu mingi kuliko zote Marekani.

Kisa kinachosimuliwa humo usiku ni hiki. Woodruff alikuwa na mtumwa wa ndani aliyeitwa Chloe, ambaye alimfanya kimada wake. Chloe alipohisi kwamba bwana wake amemchoka, alianza kusikiliza mlangoni mazungumzo ya wakubwa, akihofia kurudishwa kazi ya shambani. Akakamatwa, akakatwa sikio moja; tangu hapo akawa anavaa kilemba cha kijani kuficha kovu. Siku moja alioka keki ya siku ya kuzaliwa, akachanganya ndani yake maji ya majani ya oleanda, ambayo ni sumu. Wasimulizi wengine husema alitaka kulipiza kisasi. Wengine husema alitaka tu watoto waugue kidogo ili awauguze na kurudishiwa imani. Mama na watoto wawili wa kike wakala, wakafa. Watumwa wenzake, kwa kuogopa adhabu ya wote, wakamtoa nje usiku, wakamtundika mtini, kisha wakautupa mwili wake katika mto Mississippi. Kuanzia hapo Chloe anazunguka. Wageni wa kike wakipoteza hereni moja, huambiwa kwamba Chloe ndiye aliyeichukua, kwa kuwa ana sikio moja tu. Hapo watu hucheka.

Kumbukumbu za maandishi zinasema mambo mengine. Sara Woodruff alifariki mwaka 1823 kwa homa ya manjano. Watoto wake wawili walifariki mwaka uliofuata, 1824; mmoja wao, James, alikuwa mvulana. Mtoto wa tatu, Mary Octavia, alikua hadi utu uzima. Hapakuwa na keki, na vifo havikutokea siku moja. Wala hakuna hati iliyopatikana inayomtaja mtumwa wa familia ya Woodruff mwenye jina la Chloe. Waliofuatilia historia ya kisa hiki wameonyesha kwamba katika masimulizi ya miaka ya 1950 alitajwa tu mwanamke mzee mwenye kofia ya kijani, asiye na jina na asiye mtumwa. Kofia ikageuka kilemba. Mwanamke mzee akageuka kijana mweusi. Jina, sikio, keki na kamba vikaongezwa. Mwanafunzi yeyote wa visakale anaifahamu njia hiyo: rangi hubaki, mwenye kuivaa hubadilika. Ya mauaji mengi yanayotajwa na waongoza wageni, lililothibitishwa ni moja tu, lile la mwanasheria William Winter, aliyepigwa risasi barazani mwaka 1871. Hata hilo limerekebishwa. Winter alifia palepale barazani, lakini usiku anasimuliwa kuwa alijikokota ndani hadi kidato cha 17 cha ngazi, ili ngazi nazo zipate mzimu wake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba kisa ni cha uongo. Lakini uhakiki wa namna hiyo ni dhaifu, na kwa wasomaji wa Katanga udhaifu wake uko wazi zaidi kuliko kwa wengine. Hapa kwetu nani asiyejua habari za batumbula? Wakati wa ukoloni, katika miji ya migodi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Rhodesia ya Kaskazini, ilisimuliwa kwamba wako watu wanaovizia usiku, wanaowateka Waafrika na kuwapeleka kwa Wazungu wakaliwe. Rik Ceyssens aliyachunguza masimulizi hayo katika miaka ya 1970, na Luise White akayarudia katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia katika Afrika ya kikoloni. Hakuna mtafiti makini anayeyachukua kama taarifa ya mambo yaliyotukia. Hata hivyo hakuna anayeyaita upuuzi, kwa sababu yanaonyesha wazi jinsi wafanyakazi walivyoitazama mamlaka iliyokuwa ikila nguvu zao mchana kutwa. Kisa cha batumbula ni cha kubuni, na mshale wa hofu yake unaelekea mahali panapostahili. Anayesimulia ndiye aliye hatarini. Anayeogopwa ndiye mwenye nguvu.

Swali la kuliuliza simulizi la Myrtles, basi, ni hilohilo: anayeogopwa ni nani? Jibu ni mtumwa. Mtu aliyenunuliwa, aliyelazimishwa kitandani na kukatwa sikio ndiye anayepewa kazi ya kuwatisha wageni. Mwenye nyumba, aliyetenda hayo yote ndani ya kisa hichohicho, hamtishi mtu yeyote. Hazunguki usiku. Hana hata sauti ya viatu katika ukumbi. Anaonekana kidogo mwanzoni, kisha anageuka mjane mwenye huzuni. Angalia pia mkono unaoshika kamba. Wanaomnyonga Chloe ni watumwa wenzake. Katika kisa kizima cha utumwa hakuna Mzungu hata mmoja anayeua, na wanaouawa kwa ukatili na mtu mweusi ni mama na watoto wake. Mtunzi mmoja asingeweza kupanga mambo kwa ustadi zaidi. Na ni dhahiri kwamba hakuna mtunzi mmoja. Kisa kimechongwa na midomo mingi, kila mmoja ukipunguza kidogo kinachowaudhi wageni na kuongeza kidogo kinachowafurahisha.

Mgawanyo wa mahali nao unastahili kutazamwa. Ndani ya nyumba kuna kioo kikubwa ambacho, kwa masimulizi, kimenasa roho za Sara na watoto wake, kwa kuwa hakikufunikwa kitambaa walipofariki kama desturi ilivyotaka. Wageni hukipiga picha wakitafuta alama za vidole. Chloe anaonyeshwa nje: picha maarufu ya mwaka 1992, inayodaiwa kuwa na umbo lake na ambayo iligeuzwa kadi ya posta, inamweka katika uwazi kati ya majengo mawili. Basi hata baada ya kufa mwenye nyumba yuko ukumbini na mtumishi yuko uani. Mpangilio wa shamba la mwaka 1820 umehifadhiwa vizuri zaidi katika mizimu kuliko katika kuta.

Katika Savannah, jimbo la Georgia, iko nyumba nyingine, ya Sorrel-Weed, ambayo ziara zake za usiku hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Francis Sorrel, mfanyabiashara mzaliwa wa Saint-Domingue, anasemekana kuwa na uhusiano na mtumwa aliyeitwa Molly; mkewe Matilda akagundua, akajirusha kutoka roshani; Molly akakutwa amening'inia katika banda la magari ya farasi. Matilda Sorrel alifariki kweli kwa kuanguka, mwaka 1860, lakini nyumba hiyo ilikuwa imekwisha uzwa mwaka uliotangulia na familia ilikuwa imehamia nyumba ya jirani. Molly hajapatikana katika hati yoyote. Katika ziara hiyo uhusiano wa bwana na mtumwa wake husimuliwa kama mapenzi ya siri. Lugha yoyote inayotumia neno mapenzi kwa mtu aliyemnunua mwenzake sokoni inafanya kazi fulani, na kazi hiyo si ya kutisha.

Nyumba hizi mbili, pamoja na ile ya Madame Lalaurie ya New Orleans, ndizo kiini cha kitabu cha mwanahistoria Tiya Miles, *Tales from the Haunted South*, kilichotoka mwaka 2015. Miles alikwenda mwenyewe katika ziara hizo, akasikiliza pamoja na wageni wengine, kisha akaenda kwenye nyaraka kumtafuta Molly. Asichokipata ndicho kinachokipa kitabu chake uzito. Hoja yake kubwa ni kwamba kisa cha mzimu huleta juu jambo ambalo jamii imelizika, na papo hapo hulifungia ndani ya burudani lisidhuru. Hoja hiyo ni ya haki. Inaeleza kwa nini watu ambao wasingekubali kukaa saa moja kusikiliza habari za utumwa mchana wako tayari kulipa ili wazisikie usiku. Hata hivyo kitabu ni cha mwanahistoria, na nguvu zake ziko kwenye hati. Upande wa lugha umebaki wazi, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili anacho cha kuchangia.

Jambo la kwanza ni ugumu wa kutafsiri. Kiumbe anayeonyeshwa Myrtles ataitwaje kwa Kiswahili? Neno linalokuja haraka ni *mzimu*. Kisarufi, *mzimu* na *mizimu* ni vya ngeli ileile ya mti na mto: mzimu *umetokea*, mizimu *imekasirika*. Aliyekuwa mtu, aliyesemwa *amelala* na *ameamka*, sasa anapatanishwa kama mti. Kibemba, ambacho wengi wa wasomaji wa ukanda huu wanakisikia kila siku, kina jambo linalofanana: *umupashi*, wingi *imipashi*, katika ngeli hiyohiyo. Ni kosa kudhani kwamba mabadiliko hayo ya ngeli ni kumshusha marehemu cheo. Umupashi hutunzwa kwa jina. Audrey Richards, aliyefanya utafiti kwa Wababemba katika miaka ya 1930, alieleza jinsi mtoto anavyopewa jina la mzee aliyefariki na pamoja nalo kupata ulinzi wa umupashi wake. Jina ndilo daraja. Mtu anaondoka katika ngeli ya watu, lakini ukoo unamshikilia kwa jina lake, na kwa jina hilo anaendelea kudai, kulinda na kukasirika. Ndiyo maana katika Kiswahili mizimu huwa na wenyewe: mizimu ya babu zetu, mizimu ya ukoo fulani. Pwani neno hilohilo hutumika pia kwa mahali penyewe pa kutambikia. Asiye na wa kumtambikia ana neno lake katika Kibemba, *icibanda*, na hilo ni la ngeli nyingine.

Chloe hayuko upande huu wala ule. Ana jina, lakini hakupewa na mzazi wala halikurithiwa na mtoto. Alipewa na midomo ya wasimulizi. Hakuna anayemtambikia, lakini yuko mwenye kumpatia mapato. Ikiwa ni lazima aitwe mzimu, basi ni mzimu wa nyumba, si wa ukoo; na hapo lugha inafichua jambo ambalo masimulizi yanaficha. Mtumwa alikuwa mali ya nyumba, na mzimu wake umebaki mali ya nyumba. Nyumba ikiuzwa, unauzwa nayo.

Jambo la pili linahusu jinsi fanani anavyoshirikisha hadhira yake. Katika hadithi za ukoo anayesimulia na anayesikiliza wana deni kwa yule anayesimuliwa. Msikilizaji anaweza kukatiza: hapana, huyo hakuwa mke wa pili, alikuwa wa kwanza. Katika ziara ya usiku hakuna anayeweza kukatiza hivyo, kwa kuwa hakuna jamaa katika kundi, na hata jamaa angekuwapo asingekuwa na jina la kushika. Hadhira inashirikishwa kwa vyombo: kamera, na katika nyumba nyingine vipimo vya nguvu za sumaku vinavyowaka taa nyekundu. Wageni wanahimizwa kuuliza maswali gizani na kungoja jibu. Maswali yenyewe ni ya kusikitisha kidogo. Je, upo hapa? Una hasira? Gusa mkono wangu. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu angemsemesha hivyo bibi yake.

Kuna atakayepinga kwamba nyumba ya Lalaurie inavunja hoja hii, maana pale anayeogopwa ni bibi mwenye watumwa. Pingamizi hilo lina uzito. Tarehe 10 Aprili 1834 moto uliwaka katika nyumba ya Delphine Lalaurie, Royal Street, New Orleans. Waliokwenda kuuzima wakakuta watu wamefungwa minyororo na kujeruhiwa vibaya. Watu wa mji wakaishambulia nyumba, na mwenyewe akakimbilia Ufaransa. Hayo yalitokea. Lakini wasimulizi hawakuridhika nayo. Kitabu cha Jeanne deLavigne cha mwaka 1946 kiliongeza mateso ambayo hayamo katika taarifa za wakati ule, na masimulizi ya mtaani yakayatia chumvi tena. Matokeo yake ni kwamba bibi huyo amekuwa zimwi. Zimwi halina jirani wala sheria. Likiwa limetengwa namna hiyo, majirani zake wote waliomiliki watu kwa vitabu safi vya hesabu wanatoka katika kisa wakiwa wema. Hofu imeelekezwa kwa mwenye nguvu, ndiyo, lakini kwa mmoja tu, ili wengine wapite. Mutumbula hakuwa hivyo: hakuwa na jina la mtu, na kwa sababu hiyo aliweza kuwa kila mtu mwenye gari na mamlaka. Tena kuna msichana ambaye Harriet Martineau, aliyefika New Orleans mwaka mmoja baada ya moto, aliandika kwamba alianguka kutoka paani akimkimbia bibi huyo. Martineau hakumpa jina. Siku hizi waongoza wageni wanalo jina la kumwita.

Mtu anaweza kusema kwamba majina yanabuniwa kwa sababu ya kweli hayapo. Kwa Louisiana dai hilo halisimami. Ni kweli kwamba orodha za watumwa katika hesabu za watu za Marekani za mwaka 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, pasipo jina la mtumwa mwenyewe. Lakini hati za mauzo na za mirathi katika ofisi za wilaya ziliandika majina. Gwendolyn Midlo Hall alizipitia kwa miaka mingi na mwaka 2000 akachapisha hazina ya kumbukumbu za watu waliokuwa watumwa Louisiana kabla ya mwaka 1820. Majina 107,000 ya kazi hiyo yamechongwa kwenye kuta za shamba la Whitney, jumba la makumbusho lililofunguliwa Desemba 2014 katika jimbo hilohilo, ambalo mkurugenzi wake wa utafiti alikuwa Msenegali, Ibrahima Seck. Huko ziara ni za mchana. Katika kuta hizo baadhi ya majina yanaandamana na neno Kongo kama taifa la mtu. Wasomaji wa hapa wasiharakishe kuwadai kuwa ni jamaa zao: waliopelekwa Louisiana walitoka upande wa Atlantiki, si Katanga wala Maniema.

Waliotoka Maniema walipelekwa upande mwingine, na njia waliyopitia ndiyo iliyoleta Kiswahili katika mashariki ya nchi hii. Kwa hiyo suala la nyumba zenye mizimu haliko mbali na somo letu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja ingali imesimama nyumba aliyoishi Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, hadi kufa kwake mwaka 1905. Vitabu vya watalii husimulia kwamba majirani huamini kuwa imo mizimu ya watumwa wake. Ni watumwa gani? Wa kutoka wapi? Kwa majina gani? Mtalii haambiwi. Na pengine ni heri bado haambiwi, kuliko kuletewa Chloe wa Kasongo mwenye kilemba.

Kwa maana Tippu Tip mwenyewe alikwisha kuonyesha jinsi mateka wa kubuni anavyoweza kutumiwa. Katika *Maisha* yake, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili hupaswa kukisoma, anaeleza jinsi alivyopata habari, katika miaka ya 1870, kwamba chifu mzee wa Utetela, Kasongo Rushie, aliwahi kunyang'anywa jamaa zake wa kike waliochukuliwa mateka zamani. Akajitangaza kuwa ni mjukuu wa mmoja wao: bibi huyo, alidai, alinunuliwa na babu yake akamzalia mama yake. Mzee akaamini, akamkabidhi uchifu. Mwandishi hafichi kwamba aliutunga ukoo huo. Anausimulia kwa furaha ya mtu aliyefanya biashara nzuri. Wahakiki wengi wamekipita kisa hicho wakicheka ujanja wake. Lakini kikiwekwa kando ya kile cha Myrtles, kinaonekana kwa sura nyingine: mwanamke aliyetekwa kweli, ambaye nduguze walikuwa wangali wakimngoja, anachukuliwa kumbukumbu yake na mtu aliyefanya biashara ya mateka, anabuniwa upya, kisha anatumiwa kufungua mlango. Tofauti ni kwamba Kasongo Rushie alikuwa na jamaa halisi wa kumkumbuka. Ndiyo maana uongo ule ulifanya kazi.

Wamanyema wangali wapo Ujiji, wapo Buyenzi katika mji wa Bujumbura, wapo Unguja. Baadhi yao wanatokana na watu waliopelekwa kama mateka, wengine na watu waliofuata misafara kwa hiari au kwa mchanganyiko wa mambo hayo mawili, na familia nyingi zinajua ziko upande gani ingawa hazisemi mbele ya wageni. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia huko, akauliza majina ya mabibi kabla ya kuuliza habari za mizimu, na akaandika pia majina ambayo anakatazwa kuyasema usiku.